Fundo Moja Kubwa, Madogo Saba

2 Machi

Msimu umefunguka leo. Viwavi wameonekana kwenye mahindi ng'ambo ya mto, na simu ya meneja haijanyamaza tangu asubuhi. Tuna droni tatu za kupulizia dawa, betri arobaini, mashine nne za chaji, na mimi. Naandika kwa kalamu nene ya maboksi kwa sababu maandishi ya kalamu ya kawaida siyaoni tena. Daktari alisema mwezi uliopita kuwa ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nipasuliwe, kisha nikae nyumbani wiki kadhaa. Nikamwambia baada ya msimu. Anayetoka chumba cha betri katikati ya msimu hurudi kukuta mwingine amekalia kiti chake, na kiti hiki nimekikalia miaka sita. Kwa hiyo hakuna atakayejua. Daftari hili tu ndilo nitakaloliambia.

3 Machi

Niandike ninavyofanya, nijipongeze mwenyewe maana hakuna mwingine wa kunipongeza. Kila betri ina namba ubavuni, na kwenye mpini wa kila moja nimefunga uzi wenye mafundo. Fundo kubwa ni kumi, dogo ni moja. Ishirini na tatu ina makubwa mawili na madogo matatu. Nimewaambia watu kwamba matope yanafuta namba, ndiyo maana nikaweka uzi, na wote wakanisifu kwa akili. Vidole vyangu vinasoma haraka kuliko macho yao.

Tabu yangu ni kioo cha mashine ya chaji. Pale hakuna uzi. Pale nabonyeza huku nikihesabu milio: mara tatu kwa kujaza, mara tano kwa kurudisha chaji nusu, na kasi ya chaji naipandisha kwa kuhesabu vilevile. Mlio mmoja ukinipita, nimekwisha.

4 Machi

Mvua kutwa. Hakuna droni iliyoruka.

6 Machi

Meneja ameniletea msaidizi. Nusura niangushe kikombe. Ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu, yuleyule ninayelala naye nyumba moja na asubuhi hakunifungulia mdomo. "Kazi zimezidi," meneja akasema, "na huyu ameomba mwenyewe." Ameomba mwenyewe! Akasimama mlangoni na aproni mpya, mikono ameifumbata mbele, akasema kwa sauti ya upole, "Nifundishe, dada."

Ananiita dada. Mimi si dada yake. Mdogo wangu nilimlea toka mama yetu alipofariki, nilimbeba mgongoni hadi zahanati, nilimfunga kamba za viatu. Miaka miwili iliyopita akamleta huyu, na tangu hapo sufuria zangu zimehamishwa rafu na mimi nimehamishwa chumba cha nyuma. Jikoni amenipokonya. Sasa amenifuata kazini.

7 Machi

Nimemfundisha kwa kifupi na kwa ukali. Betri ikirudi kutoka shambani ni ya moto, haichajiwi, inakaa rafu ya juu mpaka ipoe. Ikipoa ndiyo inajazwa. Ikijazwa na isiporuka siku mbili, irudishwe nusu, maana betri iliyoshiba haifai kulala. Ikivimba imekufa. Ikianguka inakwenda kwenye ndoo ya mchanga nje, siku nzima, na hakuna kuichaji mpaka tujue imeumia kiasi gani, kwa sababu betri iliyoanguka inaumia ndani na kwa nje unaiona nzima. Akawa anaandika kila kitu kwenye kijidaftari kidogo.

"Na glovu?" akauliza.

Tuna jozi moja ya glovu nene za moto. Nazifungia kwenye droo yangu na ufunguo uko shingoni. Mimi mwenyewe sizivai kamwe. "Ukishajua kazi nitakupa," nikamwambia. "Sasa hivi utazichafua bure."

Akasema, "Sawa, dada." Hata kukasirika hajui. Mtu wa namna hiyo simwamini.

9 Machi

Jua. Safari kumi na nne. Miguu imevimba kuliko betri.

12 Machi

Alitaka kujua mafundo. Nikamwekea betri kumi mezani, nikafumba macho nikazisoma zote kwa vidole, moja baada ya nyingine, bila kukosea. Rubani mrefu wa droni, yule anayepanda ngazi akiinama hata pasipo na haja, akapiga makofi. Nikamwambia wifi, "Vidole vyangu havijawahi kukosea hata siku moja. Ukiniona nimekosea, ujue nimekufa." Akacheka. Nami nikacheka. Ndiyo mara ya kwanza tumecheka pamoja, na naandika hapa kwamba ilinikera.

15 Machi

Mvua. Betri kumi na nane zimejaa na hakuna pa kuzirusha. Nimezirudisha nusu zote kabla ya chakula cha mchana.

16 Machi

Kuna kitu. Jana nilipotoka kwenda msalani nilisikia milio kutoka chumbani. Milio sita. Mashine ya tatu, naijua sauti yake, ina mlio wa kukwaruza. Mimi nilikuwa nimeshaiweka. Niliporudi wifi alikuwa anafagia, na mkono wake mmoja uko kwenye mfuko wa aproni, kwenye kile kijidaftari.

"Umegusa mashine?"

"Nilipangusa vumbi tu, dada."

Vumbi, siku ya mvua.

19 Machi

Leo tena. Milio minne mashine ya kwanza, saba mashine ya tatu. Nilisimama nje ya mlango nikajikausha kama sanamu. Anabonyeza, ananyamaza, anaandika. Nimeelewa sasa. Anachezea mashine ili betri ziharibike mikononi mwangu, na anaandika ili ampelekee meneja ushahidi. Au amegundua macho na anasubiri nikosee. Yote mawili yanaishia mahali pamoja: mimi nyumbani, yeye kwenye kiti.

Nilimwangalia usoni nikajaribu kumsoma. Kwangu uso wake ni duara la kahawia lisilo na pua.

20 Machi

Mvua. Nimemwambia aoshe rafu zote, za juu na za chini. Zilikuwa safi.

21 Machi

Nimemwambia aoshe tena.

24 Machi

Nyumbani nimemtia maneno mdogo wangu. Nilimwambia mkeo ana kimbelembele, amekuja kazini kwangu kunichimba. Alikuwa anatengeneza redio mezani. Akaweka bisibisi chini na kusema, "Dada, mpe nafasi. Huyu mtu anakutakia mema."

"Mema gani?"

Akatupa jicho pembeni, akaokota bisibisi. Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Nikajua wameshapanga. Sikula. Nimekaa chumbani kwangu nikiwasikia wakizungumza kwa kunong'ona, na roho imeniuma kweli, kwa sababu yule kijana enzi hizo hakuwa na siri asiyoniambia mimi kwanza.

27 Machi

Safari kumi na saba leo, rekodi. Wifi alipata malengelenge kwa kubeba betri za moto kutoka kwenye pikapu. Akaomba glovu. Nikamwambia ufunguo nimeusahau nyumbani, na ulikuwa unanikwaruza kifuani wakati nasema. Akafunga vidole kwa kitambaa akaendelea.

Sikujisikia vibaya. Naandika ukweli.

30 Machi

Mvua. Mvua. Mabati yanapigwa hadi mtu hasikii milio, na nisiposikia milio siwezi kuhesabu. Nimeziacha mashine zimezimwa, nikamwambia meneja umeme unacheza. Wifi aliniangalia. Mvua ilipopungua nilikwenda kuleta maji, na niliporudi mashine zote nne zilikuwa zinafanya kazi.

"Umeme umetulia, dada," akasema.

2 Aprili

Meneja ametukusanya uani, sisi wote na marubani. Alisema mwezi mzima hakuna betri hata moja iliyoharibika, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu kampuni ianze. Nilinyoosha mgongo. Kisha akasema, "Tangu huyu binti aje, chumba kimekuwa na nidhamu." Akamshika wifi bega. "Msimu ujao tutamwachia, na mama yetu apumzike kidogo. Amechoka."

Amechoka! Mbele ya marubani! Kuna aliyeguna, kuna aliyesema "kweli kabisa." Nikasubiri wifi aseme neno, hata la kinafiki. Aliinamisha kichwa. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma, nikarudi chumbani, nikazipanga betri zote upya kwa namba.

3 Aprili

Sina la kuandika isipokuwa kwamba namchukia.

6 Aprili

Mvua. Uani ni matope matupu, pikapu ilikwama getini.

8 Aprili

Jua kali la ghafla, na viwavi wamerudi kwa nguvu. Mchana rubani mrefu alikuja peke yake, anahema. Wifi alikuwa stoo upande wa pili. "Mama, hii imenianguka," akasema. "Kutoka nyuma ya pikapu mpaka kwenye jiwe. Kona imebonyea kidogo." Akaniwekea mikononi. Nilishika uzi. Fundo moja kubwa, madogo saba. Kumi na saba.

"Vizuri kuniambia," nikamjibu. "Rudi kazini."

Ndoo ya mchanga iko hatua nane kutoka mlangoni. Nilikwenda hatua nne. Halafu nikasimama, na kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze kichwa changu kikawa kimetulia kabisa. Nikawaza: wifi akiichaji hii, itavimba. Itatoa harufu, mashine italia, meneja atakuja, na wote wataona kwamba binti mwenye nidhamu amechaji betri iliyoanguka. Somo la kwanza kabisa nililomfundisha. Atafukuzwa kabla ya jioni na atabaki jikoni, ambako nimeshamwachia.

Nikageuka. Niliipangusa matope kwa aproni yangu, nikaiweka rafu ya zilizopoa, katikati ya kumi na sita na kumi na nane.

9 Aprili

Naandika kwenye benchi la hospitali, meza ni goti langu.

Asubuhi kulikuwa na wingu lakini hakuna mvua, na marubani walitaka betri zote kabla mvua haijanyesha. Nilimwambia wifi, "Chaji hizo za rafu ya pili, anza na kumi na sita, kumi na saba na kumi na nane. Mimi naosha vikombe." Akasema, "Sawa, dada." Nikavuka uani hadi bombani na vikombe vyangu vinne. Nilisikia milio yake, safi, hakuna uliozidi wala uliopungua. Naikumbuka hata sasa.

Nikaosha kikombe cha kwanza. Nikaosha cha pili. Nilikuwa nasubiri kengele ya mashine na meneja kupiga kelele, na nilikuwa nimeshapanga uso nitakaouvaa. Badala ya kengele nikasikia kitu kinafoka, kama sufuria ya mafuta iliyotiwa maji, na halafu moshi mweupe ukatoka dirishani. Hata macho yangu haya yaliuona.

Mtu mwenye akili angekimbia nje. Yeye alikuwa na mlango nyuma yake, wazi. Lakini pembeni ya mashine ile kulikuwa na rafu yenye betri thelathini, na upande wa pili wa ukuta ni stoo ya dawa na mafundi wawili ndani. Akaichukua. Aliishika kwa mikono mitupu, ikiwa tayari inatema moto kutoka kwenye kona, akatoka nayo mlangoni akiikumbatia mbali na mwili, hatua nane, mpaka kwenye ndoo. Nilimsikia. Hakupiga kelele ya mtu aliyeogopa. Alipiga kelele moja ndefu ya mtu anayebeba kitu kizito, na hakuiachia mpaka ilipoingia mchangani.

Halafu akakaa chini kwenye matope, akiwa ameinua mikono mbele yake, anaitazama.

Nilikuwa nimesimama bombani na kikombe mkononi. Maji yalikuwa yanafurika. Ufunguo wa droo ulikuwa shingoni kwangu, na glovu zilikuwa ndani ya droo, safi, hazijawahi kuvaliwa na mtu.

Rubani mrefu ndiye aliyemkimbilia kwanza. Mimi nilifika baadaye. Wifi aliinua uso akasema, "Dada, rafu iko salama?"

10 Aprili

Daktari anasema mikono yote miwili imeungua hadi karibu na viwiko. Vidole vitatu vya kulia havitanyooka tena. Mdogo wangu amekaa ameegemea ukuta. Nilimnunulia chai ikapoa mbele yake.

11 Aprili

Meneja ameniita ofisini, na rubani mrefu yupo. Rubani akasema, "Ile kumi na saba ilianguka. Nilimwambia mama siku iliyotangulia."

Meneja akanigeukia. "Na wewe ulimwambia msaidizi wako?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, wakati wa kutosha kabisa. Feni ilikuwa inazunguka juu, na mtu mmoja alikuwa anacheka barabarani. Nikasema, "Nilimwambia. Nilimwonyesha kabisa."

12 Aprili

Meneja alikwenda hospitali kumuuliza. Nilisimama kwenye korido, nimeegemea ukuta. Nikamsikia wifi akisema kwa sauti ndogo iliyokauka: "Ndiyo. Aliniambia. Nilisahau."

Nikakaa chini kwenye sakafu, na muuguzi akaniuliza kama nina kisukari.

15 Aprili

Wifi amefukuzwa kazi kwa uzembe. Barua ameletewa kitandani, na kwa kuwa hawezi kuishika amesomewa na mdogo wangu.

17 Aprili

Mvua. Nimefanya kazi peke yangu. Mashine ya tatu ilizima yenyewe mara mbili, na betri ya tano imetoka na joto ambalo silielewi.

19 Aprili

Betri mbili zimevimba. Mwezi mzima hakuna, na leo mbili kwa mpigo. Nimezizika mchangani kabla meneja hajaja.

20 Aprili

Mdogo wangu alinikuta jikoni nikichambua mchele. Alikuwa na kile kijidaftari mkononi. Nikajua nimekamatwa. Nikaacha mchele.

"Nataka ujue kitu," akasema. "Yeye alinikataza, lakini siwezi kukaa nacho." Akasema kwamba wifi aligundua macho yangu tangu mwezi wa kwanza, nyumbani, kwa jinsi ninavyomimina chai nikiwa nimetia kidole kwenye kikombe. Yeye ndiye aliyekwenda kwa meneja kuomba kazi. "Alitaka ajifunze chumba, akushikie kiti ukapasuliwe macho, kisha akurudishie. Alisema ukijua utakasirika, kwa hiyo tunyamaze. Hiki hapa ndicho alichokuwa anajifunzia."

Akanisomea. Kurasa nzima za mambo yangu mwenyewe, kwa mpangilio. Betri ya moto ikae juu. Iliyoshiba isilale. Na pembeni ya tarehe, mistari mifupi: mashine ya tatu alizidisha kasi, nimepunguza. Mashine ya kwanza alisahau kurudisha nusu, nimerudisha. Asijue.

"Ile milio," nikasema.

"Milio gani?"

Alinishika bega, mtoto wangu mimi, akaniambia nisijilaumu. "Anasema ni macho tu, dada. Hukuiona kwamba ni kumi na saba ukaichanganya na nyingine. Ndiyo maana alisema alisahau. Amekufichia." Akaanza kulia, nami nikalia naye. Nililia kwa haya, na nikiri pia kwamba nililia kwa nafuu. Kumbe anaamini ni macho. Naweza kuishi na hilo, niliwaza. Naweza kumtunza maisha yake yote na asijue.

22 Aprili

Wifi ameruhusiwa kurudi nyumbani. Mikono yake ni mafurushi mawili meupe. Nimeomba mimi nimwoshe, nimvalishe, nimlishe. Mdogo wangu amenishukuru sana.

24 Aprili

Nimemlisha uji. Anameza, anasema "asante, dada." Nimemsuka nywele kwa kupapasa.

26 Aprili

Meneja ameniita. Amesema nimeonyesha ukomavu wakati wa janga, na chumba ni changu, habari za kupumzika zimekwisha. Msimu wa pili unaanza mara tu huu ukifungwa, kwenye mashamba ya bondeni. "Ila likizo hakuna, mama. Msaidizi hatuna, na baada ya yaliyotokea sileti mwingine mwenye kusahausahau." Kesho kutwa nirudishe betri zote nusu, nizifungashe kwa ajili ya safari. Zimebaki thelathini na saba.

Nilimwambia asante.

27 Aprili

Jua limetoka baada ya siku tano. Mdogo wangu amekwenda kazini. Nilikaa na wifi barazani na bakuli la supu, nampulizia kijiko, namlisha. Nilikuwa nimeazimia kumwambia maneno mazuri. Nikasema, "Kesho nafunga betri. Nitakuwa nakukumbuka."

Akameza. Akasema, "Mdogo wako nimemwambia ni macho."

"Najua. Kaniambia. Mungu akubariki."

"Nilimwambia hivyo kwa sababu anakupenda, na sitaki aishi na jambo hili." Sauti yake ilikuwa ileile ya upole, haikupanda wala kushuka. "Lakini mimi na wewe tuko peke yetu hapa. Ulifumba macho mbele yangu ukasoma betri kumi. Ukasema vidole vyako havijawahi kukosea hata siku moja. Uliniambia mwenyewe niichaji kumi na saba. Uliitaja kwa namba, wifi."

Wifi. Hajawahi kuniita hivyo, tangu aolewe. Kijiko kiligonga meno yake na supu ikanimwagikia.

Nilijaribu. Nikasema sikudhani itawaka, nilidhani itavimba tu, nilitaka ufukuzwe, basi. Nikajisikia nikiyasema na hayakuwa na afadhali yoyote yakiwa nje.

"Nimekusikia," akasema.

"Waambie. Kamwambie meneja. Nitakubali."

"Kwa nini nimwambie? Utafukuzwa, utapasuliwa macho, utapona." Alikuwa ananitazama, sikuona, lakini nilijua. "Chumba ulikitaka. Nimekuachia chote, na kiti chake. Mimi kazi yangu mle ndani ilikuwa moja tu, kupita nyuma yako nikirekebisha. Mara thelathini na sita, niliandika zote. Tarehe kumi na tisa ya Machi uliweka kasi mara tatu ya inayotakiwa, ukaenda kusimama nje ya mlango. Ningekuacha, hii mikono ingekuwa yako. Kesho ingia. Hakuna atakayepita."

Kisha akafungua mdomo, akasubiri kijiko.

Nilimlisha mpaka bakuli likaisha.

28 Aprili

Niko chumbani, nimefunga mlango. Nje mvua imeanza kugonga mabati, kwa hiyo milio siisikii vizuri. Betri thelathini na saba ziko mezani. Nimeweka nne za kwanza kwenye mashine na nimebonyeza ninavyokumbuka. Mashine ya tatu inanguruma. Vioo vyote vinne vina mwanga wa kijani au wa njano, sijui.

Nilifikiria kumwita meneja nimwambie sioni. Nilikwenda hadi mlangoni, nikasikia sauti yake uani akimwambia mtu kwa fahari, "Huyu mama ndiye nguzo yetu," nikarudi.

Nimefungua droo na kutoa glovu. Ni mpya kabisa, zimenyooka, zinanuka duka. Nimezivaa nikachukua betri inayofuata, nikashika uzi wake, nikapapasa juu na chini. Hakuna kitu. Nikajaribu nyingine, hakuna. Kwa glovu, mafundo hayasomeki.

Nimezivua.